Pumu huja usiku, zahanati hufunguliwa asubuhi

Kwa miaka mitatu nilikuwa mgonjwa wa usiku. Saa nane, saa tisa, Mwabungo nzima imelala, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, natafuta pumzi. Kifua kinalia kama filimbi. Mke wangu anafungua dirisha, anachemsha tangawizi, ananipaka mafuta ya habasoda mgongoni. Alfajiri ikikaribia, kifua kinaanza kuachia. Nikifika zahanati saa nne asubuhi, tabibu ananiwekea kile chombo chake cha kusikilizia, anasikiliza mbele na nyuma, kisha ananiambia, "Mzee, kifua chako ki safi."

Na kweli kilikuwa safi saa hiyo. Mgonjwa wa malaria ukimpima damu leo utamwona mdudu. Mgonjwa wa pumu unaweza kumkuta mzima kabisa, anacheka, ilhali usiku uliopita alikuwa karibu kutoa shahada. Naandika haya kwa sababu najua hapa Kwale wengi wanazungukwa na ugonjwa huu kama nilivyozungukwa mimi, na kipo kifaa kidogo cha plastiki ambacho kingetuokoa safari nyingi.

Kwa miaka hiyo mitatu nilitibiwa kila kitu. Nilimeza dawa za nimonia mara nyingi hata nikapoteza hesabu. Makohozi yangu yalipimwa kifua kikuu mara mbili, hayakuonyesha kitu. Nilidungwa sindano nisizojua jina lake. Nyumbani nako watu walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema ni upepo wa kusi, mwingine akasema nimetupiwa jicho kwa sababu ya kazi za hoteli ninazopata. Mimi ni seremala. Nachonga vitanda, milango na viti, karakana yangu iko kando ya barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga, na wateja wangu wengi wako Diani na Galu.

Siku moja nilikutana na tabibu mwingine, binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilikuwa sijaenda kazini siku tatu kwa kuumwa. Alinisikiliza maneno kabla ya kunisikiliza kifua. Aliniuliza kikohozi huja saa ngapi, kama nikicheka sana au nikipanda ngazi nabanwa, kama nilipokuwa mtoto nilikuwa na ukurutu au mafua yasiyokwisha, kama kwetu kuna mwenye pumu. Nikamwambia marehemu bibi, mama yake mama, alikuwa na "kifua". Akafungua mtoto wa meza, akatoa bomba la plastiki refu kama tochi, lina namba ubavuni na mshale mdogo mwekundu.

"Baba, puliza hapa kwa nguvu zako zote, mara moja tu, kama unayezima kibatari kilicho mbali."

Nikapuliza. Mshale ukaruka mpaka 510. Akaangalia jedwali lake la umri na urefu, akasema namba hiyo ni nzuri kwa mtu kama mimi. Nikajua naambiwa tena sina kitu. Lakini alisema, "Kifaa kinasema hujambo, ila kimekukuta saa nne asubuhi, umepumzika siku tatu. Chukua hiki uende nacho nyumbani. Kitakukuta usiku."

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha yangu. Sasa niwaeleze kilivyo.

Ndani ya mapafu kuna mirija ya hewa, mikubwa kwa midogo, inagawanyika kama matawi ya mwembe. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo imevimba na ina hasira. Ikiguswa na kitu isichokipenda, iwe vumbi, moshi, baridi, mafua au manyoya ya paka, misuli inayoizunguka hujikaza, ute unazidi, na njia inakuwa nyembamba. Hewa huingia kwa taabu, na kutoka ni taabu zaidi. Ile filimbi tunayoisikia ni hewa inayopenya kwenye njia iliyobanwa. Baada ya muda, kwa dawa au yenyewe, njia hufunguka tena. Kufunga na kufungua huko ndiko alama kubwa ya pumu, na ndiyo maana kipimo cha mara moja hakitoshi. Huwezi kujua maji ya Galu yanajaa na kupwa kwa kuyatazama mara moja tu.

Kile kibomba tukiite kipima pumzi. Kinapima kasi ya juu kabisa ya hewa unayoweza kuitoa, kwa hesabu ya lita kwa dakika. Njia zikiwa wazi mshale unakwenda mbali, zikibanwa unaishia karibu. Hakina betri wala waya. Aliyekibuni ni daktari wa Uingereza aitwaye Basil Martin Wright, miaka ya 1950, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mapafu ya wachimba makaa huko Wales. Mwaka 1959 yeye na mwenzake McKerrow walikieleza katika jarida la madaktari. Cha kwanza kilikuwa kizito. Miaka ya 1970 kikatoka kidogo cha plastiki, ambacho mtu anaweza kukitia mkobani. Wright huyohuyo alishiriki pia kubuni kifaa cha kielektroniki cha kupima pombe kwenye pumzi ya madereva, kwa hiyo nyinyi mnaoijua Alcoblow ya barabarani mnazijua kazi zake bila kujua jina lake.

Kukitumia ni rahisi, lakini kuna adabu yake. Simama wima. Rudisha mshale kwenye sifuri. Vuta pumzi mpaka kifua kijae. Funga midomo barabara kuzunguka mdomo wa bomba, ulimi usizibe tundu, vidole visiguse njia ya mshale. Kisha toa pumzi kwa kishindo, haraka na kwa nguvu. Huhitaji kupuliza kwa muda mrefu, kwa sababu kinachopimwa ni ule mshindo wa kwanza. Fanya hivyo mara tatu, uandike namba kubwa kuliko zote. Usitafute wastani wa hizo tatu. Fanya asubuhi ukiamka na jioni, kabla ya kutumia dawa, kila siku, kwa wiki mbili kwa uchache. Mtoto wa miaka mitano au sita na kuendelea anaweza kufundishwa. Wadogo zaidi hawawezi kupuliza inavyotakiwa.

Hesabu yake nayo si ngumu. Chukua namba kubwa ya siku, toa namba ndogo ya siku, kisha gawa kwa wastani wa hizo mbili. Mfano wangu wa Alhamisi moja: asubuhi 350, jioni 450. Tofauti ni 100, wastani ni 400. Mia moja kwa mia nne ni asilimia 25. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa ufupi kama GINA, unasema kwa mtu mzima wastani wa tofauti za kila siku, ukihesabiwa kwa wiki mbili, ukizidi asilimia 10, basi pumzi yake inayumba kupita kiasi. Kwa watoto ni zaidi ya asilimia 13. Yangu ilikuwa imepita huko mbali.

Lakini tabibu aliniomba jambo moja zaidi, na hapa naomba mafundi wenzangu msome polepole. Aliposikia mimi ni seremala, alinitaka nipulize mara nne kwa siku: nikiamka, saa sita, nikitoka kazini, na kabla ya kulala. Nami niandike pembeni siku hiyo nimefanya nini na mbao gani. Akanipa wiki tatu badala ya mbili. Nilichukua daftari la mwanangu la shule, nikachora mistari.

Wiki ya kwanza nilikuwa na oda ya milango miwili ya mvule. Jumatatu nilianza na 480. Jumatano asubuhi 390. Alhamisi 350, na usiku wake sikulala. Jumapili, siku ambayo sifungui karakana, ikapanda jioni mpaka 470. Wiki ya pili ikarudia vilevile kama wimbo. Wiki ya tatu tulikwenda Vanga kwenye harusi ya ndugu wa mke wangu, tukakaa siku tisa. Nilidhani bahari na usiku wa manyunyu vitaniumiza. Daftari likasema 500, 510, 520. Asubuhi na jioni zikakaribiana, tofauti kama asilimia 4 tu. Nilikula, nikacheza chakacha, nikalala usingizi mzito kuliko nilivyolala kwa miaka.

Nilipomwonyesha tabibu, hakusema kitu kwa muda. Alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari chini ya kila siku niliyoandika "mvule". Mimi mwenyewe nikaona kabla hajanieleza.

Sisi mafundi tunajua siku zote kwamba vumbi la mvule linawasha. Ukipiga msasa unapiga chafya, macho yanatoka machozi, shingo inawasha. Tunacheka tu, tunasema mvule una wivu. Kumbe vumbi lake limo katika orodha ya mbao zinazojulikana kitabibu kwamba zinaweza kuleta pumu ya kazini. Mtu huvuta vumbi miezi au miaka bila shida, kisha mwili wake unalikataa, na toka hapo hata kidogo kinatosha kumbana. Tena mbano wenyewe unaweza kuchelewa saa kadhaa. Unalivuta vumbi mchana, unaugua usiku, na huoni uhusiano. Ndiyo maana mimi nililaumu kusi. Mvule hauko peke yake. Rangi zinazopulizwa kwa mashine, zile za kuchanganya na dawa ya kukaushia, zinajulikana sana kwa kuleta pumu ya aina hii, na hata unga wa ngano kwa waoka mikate.

Ili kuhakikisha, aliniita siku moja ya kazi nitoke karakanani moja kwa moja. Nikapuliza: 360. Akanipa salbutamoli kwenye inhela, ile pampu ya buluu, nikavuta kama alivyonionyesha, nikangoja robo saa. Nikapuliza tena: 450. Imepanda kwa robo nzima. Kwa kipima pumzi, ikipanda asilimia 20 au zaidi baada ya dawa hiyo, ni ushahidi mzuri kwamba njia zilikuwa zimebanwa na zinaweza kufunguka. Maneno yangu, daftari na jaribio hilo, vyote vitatu vilisema jambo moja.

Kipo pia kifaa kikubwa cha heshima kuliko hiki, nacho ni spiromita. Ya kwanza ilielezwa na daktari John Hutchinson mwaka 1846 huko London, nayo ilikuwa pipa linaloelea kwenye maji. Leo zipo ndogo za mkononi, nyingine zinaungana na simu na kuchora mchoro wa pumzi yako. Spiromita inapima kiasi cha hewa unachotoa sekunde ya kwanza na kiasi chote unachotoa mpaka mapafu yaishe. Daktari hulinganisha hivyo viwili, kisha hurudia baada ya dawa. Kwa mtu mzima, kiasi cha sekunde ya kwanza kikipanda kwa zaidi ya asilimia 12 na mililita 200, pumu inaonekana. Ikipatikana, hiyo ndiyo bora, kwa sababu inasaidia pia kutenganisha pumu na maradhi mengine ya mapafu. Lakini inataka mtu aliyefunzwa, na hata yenyewe inaweza kukukuta siku yako nzuri. Kibomba cha plastiki kina faida moja ambayo mashine ya hospitali haina: kinalala nyumbani kwako.

Vipimo hivi vimewahi kufanywa hapa kwetu Kenya kwa wingi. Mwaka 2021 watafiti wa KEMRI na wenzao wa chuo cha maradhi ya tropiki cha Liverpool walifanya utafiti Nairobi, wakauita kwa Kiswahili, Tupumue. Walipima watoto zaidi ya 2,300 wa mtaa wa mabanda wa Mukuru na jirani zao wa Buruburu, wakiwapulizisha spiromita. Wenye dalili za pumu walikuwa wengi kuliko waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu. Nikisoma hayo nawaona watoto wa kwetu pia, wanaokohoa usiku kwa moshi wa kuni na dawa ya mbu ya kuchoma, na asubuhi wanapewa dawa ya nimonia kwa mara ya sita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu ilikuwa na watu milioni 262 duniani, na iliua 455,000. Vifo vingi vilikuwa katika nchi zisizo tajiri, ambako ugonjwa haujulikani mapema na dawa hazipatikani.

Sasa tahadhari, kwa sababu sitaki mtu asome hapa kisha ajifanye daktari. Namba peke yake haisemi pumu. Mtu akipuliza kivivu itakuwa ndogo, na maradhi mengine ya mapafu nayo huishusha. Kikohozi kisichokwisha lazima kipimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, na hakuna aibu. Ukibanwa mpaka huwezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, au pampu ya buluu haikusaidii, usikae ukipuliza bomba na kuandika daftari. Tafuta tuktuk, gari, chochote, uende hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu dawa, wengi wetu twaijua ile ya buluu tu. Hiyo inafungua njia kwa muda, haiponyi uvimbe wa ndani. Tangu 2019 mwongozo wa GINA hautaki mgonjwa atibiwe kwa hiyo peke yake. Anahitaji pia dawa ya kuvuta yenye steroidi kidogo, inayotuliza uvimbe. Hapa watu husema, "Ukianza pampu hutaiacha, inazoesha." Mimi nilisema hivyo pia. Kipima pumzi ndicho kilichonifunga mdomo. Nilipoanza dawa ya kutuliza, niliona namba za asubuhi zikipanda wiki baada ya wiki, na nilipoiacha siku kumi kwa ukaidi wangu, nikaziona zikishuka. Hakuna mtu aliyenishawishi kwa maneno. Daftari lilinitosha.

Nimepona? La. Tabibu aliniambia wazi kwamba dawa ya kweli ya pumu ya kazini ni kukaa mbali na kile kinachoileta. Nina watoto wanne na ufundi mmoja. Nimeacha mvule. Oda zake nampa fundi mwenzangu wa Ukunda, na pamoja nazo zimekwenda pesa nzuri, kwa sababu wenye hoteli wanataka mvule. Nafanya kazi za mwembe na mnazi, msumeno nimeutoa nje chini ya mkorosho, upepo unapeleka vumbi upande wa shamba. Hatufagii tena pakavu, tunanyunyiza maji kwanza. Wale vijana wawili wanaojifunza kwangu wanavaa barakoa, na asiyevaa hashiki msasa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na vumbi. Sisi wa jua kali hatuna mwajiri, kwa hiyo mwajiri ni mimi.

Kibomba kile cha kuazima nilikirudisha. Nikanunua changu duka la dawa, kwa pesa pungufu ya ubao mmoja mzuri wa mvule. Shirika la Afya Duniani limekiweka kifaa hiki miongoni mwa vifaa vya lazima kwa vituo vidogo vya afya. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipopewa mikoba yao, jirani yetu hupita nyumba kwa nyumba na mashine ya presha na ya sukari, na watu wamegundulika mapema. Nilimwomba siku moja anionyeshe vilivyomo. Kipima pumzi sikukiona.

Ombi langu kwa wakubwa wa afya wa Kwale ni dogo. Kila zahanati iwe na vibomba vichache vya kuazimisha, kila mgonjwa na mdomo wake safi, na karatasi ya kuandikia. Na kwako msomaji unayekaa ukingoni mwa kitanda usiku: kabla hujapata kibomba, chukua daftari uandike leo. Saa ngapi ulibanwa, mchana ulishika nini, ulipika na nini, upepo ulitoka wapi. Umpelekee tabibu asubuhi, hata kama kifua chako ki safi.